Chumvi moja, kazi mbili

Leo niwachoshe kidogo na mambo ya joto.

Kila nikisoma habari za umeme wa jua unaowaka mpaka usiku nakuta maneno yale yale: "chumvi iliyoyeyuka". Sisi waandishi tunayabeba kama yalivyo, tunaweka picha ya vioo jangwani, habari imekwisha. Jamani, humo mna mambo mawili tofauti kabisa!

Chukua mtambo wa Noor III, Ouarzazate, Morocco. Vioo vinamulika mnara, chumvi ya nitreti inapashwa kutoka nyuzi 290 hivi hadi 565, inatunzwa kwenye tangi kubwa. Jua likizama, joto lake linachemsha maji, mvuke unazungusha mashine kwa saa 7 hivi. Lakini chumvi ile ni kimiminika muda wote. Ikipoa kukaribia nyuzi 240 inaanza kuganda, na ikigandia ndani ya mabomba ni msiba.

Sasa kuna watu wengine, wao wanataka igande.

Waliosoma fizikia sekondari watakumbuka. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunakula joto karibu sawa na la kupasha kilo hiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80, na wakati inayeyuka kipimajoto hakisogei. Maji yakiganda, joto lote hilo linarudi. Mafuta ya nazi yanafanya vivyo hivyo: Dar yanamiminika, yapeleke Njombe mwezi wa saba uone, utayachota kwa kijiko. Basi chumvi ikiyeyuka mchana na kuganda usiku inabeba joto jingi mahali padogo, na inalitoa kwa nyuzi zile zile. Maji nayo huchemka kwa nyuzi zile zile, kwa hiyo wanaelewana.

Wajerumani wa taasisi ya DLR walilijaribu hili Carboneras, Hispania, mwaka 2010, kwa tani 14 hivi za nitreti ya sodiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 306. Kinachosumbua ni ukoko. Unapochukua joto, chumvi ya kwanza kuganda ni ile inayogusa bomba. Inashika pale kama ukoko wa ugali kwenye sufuria, na joto lililo nyuma yake linapita kwa taabu. Dawa yao ilikuwa kuyavisha mabomba mapezi ya alumini. Inasaidia, ila alumini yote hiyo ni hela.

Kampuni ya Azelio ya Sweden ikasema basi, alumini yenyewe ndiyo iyeyuke! Walitumia alumini chakavu kwenye nyuzi 600 hivi, na injini ya Stirling ya kilowati 13. Chuma hupitisha joto vizuri, ukoko si tatizo kubwa. Mwaka 2020 walianza majaribio pale pale Ouarzazate. Mwaka 2023 wakafilisika. Huku betri zilikuwa zinazidi kushuka bei.

Na hao wa chumvi isiyoganda nao wana yao: mwaka 2024 tangi la chumvi ya moto la Noor III lilivuja, mtambo ukasimama kwa miezi.

Kwa nini nawaeleza haya? Kwa sababu mitambo hii hujengwa kwa mikopo, na siku mwekezaji akitua Dodoma au Singida na maneno hayo matamu, atakayelipa ni mimi na wewe. Mwandishi asiyejua kama chumvi ya bwana huyo inaganda au haigandi hawezi hata kuuliza swali la pili.

Kuna moja nililipenda. Mekelle, Ethiopia, watafiti pamoja na wenzao wa Norway walichukua nitreti hizo hizo, zikayeyuka kwa jua, kisha joto lake likaoka injera jua likiwa halipo. Hakuna mashine, hakuna waya. Shangazi yangu ananunua mkaa kila wiki, na nilipomsimulia hakuuliza habari ya megawati. Aliuliza: "Maharage yanaiva?"