Kisumu na gari la moshi lililopoteza moshi

Msomaji, ukifika Kisumu usiharakishe kwenda Dunga kula ngege kwa ugali. Pitia kwanza stesheni ya reli, iliyo karibu na bandari. Simama pale kidogo, upepo wa ziwa ukupige usoni. Huko ndiko nilikompeleka mpwa wangu wa miaka minane wakati wa likizo. Kijana aliitazama injini ya dizeli iliyokuwa imeegeshwa, akanitazama mimi, kisha akauliza, "Mjomba, mbona mnaliita gari la moshi? Moshi wenyewe uko wapi?"

Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo karibu. Leo nimeamua kulitafuta pamoja nawe.

Kwa kweli Kisumu tunayoijua ililetwa na moshi huo. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896, ukafika Nairobi mwaka wa 1899, na mnamo Desemba 20, 1901 reli ikagusa ukingo wa Ziwa Victoria. Msumari wa mwisho ulipigiliwa na Florence Preston, mkewe Ronald Preston, mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Mahali hapo Waingereza wakapaita Port Florence, jina ambalo halikudumu. Gharama ilikuwa kubwa. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na kiasi cha 2,500 kati yao walikufa. Wanandi nao waliipinga reli iliyokatiza karibu na nchi yao, hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka wa 1905.

Hata meli za ziwani ni watoto wa reli. Meli ya Victoria iliyoanza kazi mwaka wa 1961 iliundwa Uingereza, ikafunguliwa vipande vipande, ikapandishwa juu ya mabehewa na kuja kuunganishwa papa hapa Kisumu.

Sasa tufuate njia yenyewe. Kutoka Nakuru, reli hupanda Njoro, Elburgon na Molo hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo huteremka kupitia Londiani, Kipkelion, Fort Ternan na Koru, ikaingia kwenye mashamba ya miwa ya Muhoroni, Chemelil na Miwani, kisha Kibos, na hatimaye ziwani. Kisumu iko kwenye kimo cha mita 1,130 hivi. Ni kusema kwamba gari hushuka mita 1,400 kabla ya kukutana na samaki. Mabonde ya mteremko huo ni mengi kiasi kwamba madaraja marefu ya chuma 27 yalihitajika kati ya Nakuru na ziwa, nayo yakaundwa na kampuni ya Kimarekani, American Bridge Company.

Kwenye mlima kama huo ndipo ujuzi wa watu wa mvuke ulipopimwa. Injini ya mvuke si kitu cha kuwasha kwa ufunguo. Moto huchemsha maji ndani ya boila, mvuke husukuma pistoni, na pistoni huzungusha magurudumu. Zamani moto ulikokwa kwa kuni, baadaye kwa mafuta mazito. Mchochea moto aliusoma moshi kama daktari anavyosoma ulimi wa mgonjwa: ukiwa mweusi tititi, mafuta yanapotea bure, usipoonekana kabisa, hewa imezidi na joto linapungua.

Kazi yake kubwa zaidi ilikuwa maji. Ukipanda mlima, maji ndani ya boila hukimbilia nyuma, kwenye tanuri. Ukivuka kilele na pua ya injini ikaanza kuinama, maji hayo hukimbilia mbele na kuacha dari la tanuri likiwa wazi. Bati hilo likikosa maji huku moto unawaka chini yake, huweza kulainika, kupasuka na kuua kila aliye karibu. Kwa hiyo kabla ya kilele mchochea moto alipaswa kuhakikisha kwamba maji yanatosha. Kilele hakimsubiri mtu atafute kitabu.

Injini zenyewe je, ziko wapi? Nyingine unaweza kuziona Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka wa 1971 karibu na stesheni kuu. Hapo utamkuta bingwa wao, nambari 5918, aliyepewa jina Mount Gelai kwa heshima ya mlima ulioko kaskazini mwa Tanzania. Ni mmoja wa ndugu 34 waliojengwa na Beyer, Peacock mjini Manchester katika miaka ya 1955 na 1956. Kila mmoja alikuwa na uzito wa tani 250 hivi, na hakuna injini za mvuke kubwa kuliko hizo zilizowahi kutembea kwenye reli za upana wa mita moja. Ni za aina ya Garratt: boila limening'inizwa katikati ya seti mbili za magurudumu, ili jitu hilo liweze kukata kona kama nyoka. Kazi yao ilikuwa kuvuta mizigo mizito kati ya Mombasa na Nairobi. Kwa njia nyepesi za bara, wao walikuwa wazito mno.

Mwaka wa 2001 moto uliwashwa tena tumboni mwa 5918, akatoka makumbusho na kurudi kwenye njia kuu ya Mombasa. Baadaye nambari 3020, aitwaye Nyaturu kwa jina la watu wa Singida, naye alirudishiwa uhai. Hii ndiyo habari iliyonifurahisha kuliko zote, kwani injini ya mvuke inayosimama miaka nenda miaka rudi huliwa na kutu kuanzia ndani, mahali ambapo rangi nzuri ya nje haifiki.

Labda utauliza kuhusu kasi, maana vijana wa leo hawapendi kitu cha polepole. Uingereza, mwaka wa 1938, injini ya Mallard ilikimbia kilomita 202 kwa saa, na rekodi hiyo ya mvuke bado haijavunjwa. Huko injini kuukuu bado huvuta abiria kwenye njia kuu, kwa kawaida zikiruhusiwa kufika kilomita 120 kwa saa. Msomaji, hiyo ndiyo kasi ya Madaraka Express! Ajabu zaidi ni injini ya Tornado. Wananchi wapenda reli walichangishana pesa wakaijenga upya kabisa kwa mchoro wa zamani, ikakamilika mwaka wa 2008. Aprili 2017 ilijaribiwa na kufika kilomita 161 kwa saa.

Reli yetu ya zamani, nyembamba na yenye kona nyingi, haiwezi kuruhusu mbio hizo. Jitu letu la tani 250 lilikwenda kama kilomita 70 kwa saa, na hiyo ilitosha. Lakini Waingereza wana kitu kimoja tunachoweza kuiga bila kubadilisha hata taruma moja: wazee wao walifundisha vijana kabla ya kuondoka. Ndiyo maana wanaweza kukimbiza boila njia kuu bila kuua mtu.

Sisi je? Mvuke ulikoma kwenye reli zetu takriban mwaka wa 1980. Mchochea moto aliyekuwa na umri wa miaka 25 mwaka wa 1975, leo amefikisha miaka 75. Chuma kilichochakaa kinaweza kuchongwa upya, lakini sikio linalojua mlio wa boila lenye afya halipatikani dukani. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Wasipokuwepo, tutabaki na majitu ya kupigia picha.

Desemba 2021 treni ya abiria ilirudi Kisumu baada ya kukatika kwa miaka mingi, na wakazi waliipokea kwa shangwe. Ilivutwa na dizeli, na hiyo si haba. Lakini siwezi kuacha kuwaza siku Nyaturu atakapopiga honi pale Kibos, watoto wa shule wakimbilie reli kuona wingu jeupe likishuka kutoka Mau.

Kwa hiyo, mzazi, likizo ijayo wapeleke watoto makumbusho. Nawe mwanafunzi, mtaani kwenu mwulizie mzee aliyefanya kazi ya reli. Chukua daftari, mwulize maji yalipaswa kuwa wapi kabla ya Mau Summit, uandike kila neno.

Mpwa wangu tayari ana jibu lake. Nilimwambia moshi umeondoka, ila baadhi ya waliouwasha bado wako nasi. Akanijibu papo hapo, "Basi twende tukawaone, mjomba."