Mbeya baridi, mshikaji kafunga dirisha!

Kama hujawahi kulala Mbeya mwezi wa Juni, tulia kwanza nikupe stori. Wenzetu wa Ulaya wakipanga nyumba wawili watatu hugombania kidude cha ukutani cha kupandisha na kushusha joto, wanakiita thamostati. Huyu anapandisha, yule anashusha, bili ikija wananuniana wiki nzima. Sisi pale Soweto, Mbeya, hatukuwa na kidude. Tulikuwa na dirisha moja na jiko la mkaa. Ila ugomvi ulikuwa ule ule, na nusura utupeleke makaburini.

Ilikuwa 2018. Mshikaji niliyepanga naye chumba nitamwita Mtanga, maana kwao ni Tanga. Jamaa alishuka kwenye basi na begi moja na feni. Kweli tena, feni ya mezani! Wiki ya kwanza tu tukaipiga bei Mwanjelwa, tukarudi na makoti mawili ya mitumba na blanketi zito. Si unajua tena, Mbeya ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6. Piga hesabu mwenyewe kutoka Tanga. Juni na Julai, upepo wa kusi ukishaanza, usiku unateremka chini ya nyuzi 10. Kule juu Kitulo ndiyo usiseme, majani yanaamka meupe kwa barafu.

"Ugonile!" mama mwenye nyumba anatusalimia asubuhi. Mtanga anaitikia kwa meno yanayogongana.

Basi bwana, kasheshe ilianza na jiko. Mtanga akishapika ubwabwa wake koridoni, jiko analiingiza chumbani, dirisha anafunga, matundu ya juu ya ukuta kayaziba na magazeti. Mimi ni mtoto wa Iringa, jiko nalijua tangu utotoni. Nafungua dirisha upana wa kiganja, napitiwa na usingizi, nikishtuka limefungwa. Kesho yake hivyo hivyo. Nikamwambia, "Kaka, mkaa unaua." Akanicheka. "Moshi uko wapi? Mkaa ukishaiva hauna moshi."

Hapo ndipo anaponaswa kila mtu. Moshi ungetukoholesha, tungetoka nje tunatukanana, yakaisha. Mkaa mwekundu kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta inang'ang'ania damu, mahali pa oksijeni, na inang'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mwili unakosa hewa nawe huna habari. Kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, usingizi unakuwa mtamu. Ni usingizi wa wengine kutoamka.

Saa 9 usiku niliamka kichwa kinapasuka. Nikataka kusimama, miguu ikakataa. Nikatambaa hadi mlangoni, nikafungua, nikamwita Mtanga. Kimya. Nikamvuta kwa mikono mpaka barazani huku nikipiga kelele, mama mwenye nyumba akatoka na kanga yake begani, akamgeuza ubavu, na hapo jamaa akatapika. Mpaka leo sijawahi kufurahi namna ile kumwona mtu akitapika. Hospitali wakamwekea oksijeni, na swali la kwanza la daktari lilikuwa moja tu: "Mlilala na jiko?"

Ungedhani amekoma. Thubutu! Siku ya nne nimetoka kazini nakuta jiko ndani. Eti safari hii ameacha mlango wazi kidogo. Sikugombana. Nilimwambia tu Ijumaa tunakwenda Iringa kumsalimia mama.

Ile barabara ni zaidi ya kilomita 300, na ukisafiri na mtu wa pwani hutahitaji kipimajoto, mwangalie koti lake. Tukateremka Igurusi na Chimala, bonde la Usangu na mashamba yake ya mpunga, Mtanga akavua koti, akaanza na kuimba. Makambako akalivaa. Mafinga, misonobari ya Sao Hill imejipanga pande zote, akaomba na la kwangu. Ipogolo akapata nafuu kidogo, halafu basi likapanda kilima kuingia mjini, akanyamaza kabisa.

Iringa jina lake linatokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe, na baridi yake nayo ina ubishi wa kingome. Nyumbani Kihesa mama alitupokea kwa "Kamwene!", Mtanga akajibu "Shikamoo mama", tukakaa kuzunguka jiko, ugali, maharage, stori. Ilipofika saa 4, mama alinyanyuka katikati ya mazungumzo, akabeba jiko na mkaa wake mwekundu unaomeremeta, akalitoa uani. Mtanga akalisindikiza kwa macho kama mtu anayeibiwa.

"Mama, bado lina moto."

"Ndiyo maana linatoka, mwanangu."

Akarudi na chupa mbili za mpira za maji ya moto, kila moja ameisokota kwenye kipande cha kanga, akatupa tuweke miguuni chini ya blanketi. Dirisha akaliacha wazi kidogo. Mtanga alilala mpaka jua limetoka. Asubuhi nilimpandisha jiwe la Gangilonga, lile linaloongea kwa Kihehe, tukauangalia mji kwa chini. Akaniuliza kama zile chupa Mbeya zinapatikana.

Mimi maneno yangu ya mwezi mzima hakuyasikia. Ya mama alisikia sentensi moja. Sina kinyongo, mama ni mama.

Tuliporudi Soweto aliomba nyundo kwa jirani, akapigilia kipande cha mbao kwenye fremu, dirisha lisiweze kufunga hata ukilisukuma kwa bega. Magazeti akayatoa matunduni akawashia nayo jiko, nje. Tulihama wote mwaka uliofuata. Juzi nilipita pale kumsalimia mama mwenye nyumba, akaniambia mpangaji mpya analalamika dirisha halifungi, anataka kuing'oa ile mbao. Nikamwomba aniitie huyo kijana.