Rangi Mbili

Ipo dawa ambayo watu wa mkoa wetu hawaiiti kwa jina lake bali kwa sura yake. Mtu huingia dukani, huweka fedha juu ya meza, akasema, "Nipe rangi mbili." Muuzaji hamuulizi ni rangi zipi, wala mnunuzi hasemi anaumwa nini. Zamani ilikuwa tetrasaiklini, ikaja ampisilini, na siku hizi mara nyingi ni amoksilini. Dawa zimebadilika lakini jina limebaki, kama mtaa unaoitwa kwa jina la duka lililokwisha bomolewa. Nimelisikia jina hilo Musoma mjini, nimelisikia stendi ya Bunda, nimelisikia Butiama, na kila mahali idadi ya vidonge hupangwa na mfuko. Mwenye nacho huchukua dozi nzima. Asiye nacho huchukua vinne au sita, na akipata nafuu keshokutwa huvisifu vidonge vyake.

Yawezekana nafuu ile ingekuja bila vidonge. Hilo ndilo ninalotaka kulizungumza, ingawa najua kwamba kulisema mbele ya mama aliyembeba mtoto mwenye homa ni kutafuta ugomvi.

Tusianze kwa kulaumu. Watu wa umri wangu tunakumbuka tulikotoka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zahanati zilijengwa vijijini, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza, wakachimba vyoo. Mwaka 1983 ukaanza mpango wa dawa muhimu kwa msaada wa Denmark. Zahanati ikawa inaletewa sanduku lake la dawa kila mwezi, sanduku lililopangwa namna moja kwa nchi nzima. Liliokoa watu wengi sana. Lakini lilikuwa na tabia zake. Mara nyingi dawa zilikwisha kabla mwezi haujakwisha, na zilikuwa hasa za maradhi yanayokuja na kuondoka: homa, kuhara, kikohozi, vidonda, minyoo. Mgonjwa alionwa mara moja, akapewa, akaenda zake. Masanduku yale yamekwisha pita, ila naona zahanati zetu bado zinafikiri kwa namna yake.

Kisha mwaka 1991 uganga wa kutafuta faida, uliokuwa umepigwa marufuku mwaka 1977, uliruhusiwa tena, na mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza ada. Mwananchi akapiga hesabu: ikiwa nitalipa kule baada ya foleni, kwa nini nisilipe hapa dukani pasipo foleni? Mwaka 2003, kwa kuanzia Ruvuma, maduka ya dawa baridi yakaanza kugeuzwa kuwa maduka ya dawa muhimu, na wauzaji wakapewa mafunzo. Utaratibu ni mzuri. Shida ni kwamba muuzaji anayesema "hapana" humpeleka mteja wake kwa duka la jirani.

Kwa miaka mingi homa yoyote tuliiita malaria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanywa katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliolazwa na kutibiwa malaria kali, hata nusu hawakuwa na vimelea vya malaria katika damu. Kikaja kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole, tukadhani jambo limekwisha. Mwaka 2017 jarida la BMJ la Uingereza likachapisha hesabu zilizokusanywa katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, pamoja na Afghanistan. Kati ya wagonjwa 100 waliokutwa na malaria, 40 walipewa viuavijasumu. Kati ya 100 waliokutwa hawana malaria, waliopewa ni 69. Kipimo kiliondoa dawa moja mkononi mwa mganga, na mkono ukashika nyingine.

Basi wale wasio na malaria wanaumwa nini? Watafiti waliwapima watoto 1,005 wenye homa, wa Dar es Salaam na Ifakara, wakatangaza matokeo mwaka 2014. Watoto 7 katika kila 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi, na virusi havisikii amoksilini. Vinavyoisikia ni bakteria waliomo mwilini, hata wasiokuwa na kosa, nao kadiri wanavyoisikia mara kwa mara ndivyo wanavyozoea kuishi nayo. Kwa mwaka 2019 peke yake imekadiriwa kwamba usugu huo uliua watu 1,270,000 duniani.

Kuna tabibu kijana katika zahanati moja kando ya barabara ya Musoma kwenda Bunda, ambaye namfahamu tangu akiwa mtoto. Siku moja, wagonjwa walipopungua, nilimweleza hesabu hizo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema:

"Mwalimu, hayo nayajua, tulifundishwa. Lakini huyu mama katoka mbali, kalipa bodaboda. Nikimwambia mtoto ana mafua tu, amlete tena Alhamisi, Alhamisi hatakuja. Mtoto akizidiwa usiku, jina litakalotajwa kijijini ni langu. Nikimpa dawa na mtoto akazidiwa, watasema Mungu kapenda."

Nimeyafikiri sana maneno yale. Kijana hakusema kwamba hajui, wala hakusema kwamba mama alimlazimisha. Alisema kwamba hatamwona tena mgonjwa wake. Asiyetazamia kumwona mgonjwa tena hana budi kumaliza kila kitu leo, na njia ya mkato ya kumaliza kila kitu leo ni rangi mbili.

Huko Uingereza, nchi alikofanyia kazi Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, walijaribu njia nyingine. (Fleming mwenyewe, katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alitahadharisha juu ya siku ambapo mtu yeyote ataweza kuinunua dukani na kumeza pungufu. Sidhani kama alipata kuijua stendi ya Bunda, lakini aliieleza barabara.) Mwaka 1997 Paul Little na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 716 wenye maumivu ya koo. Kundi moja lilipewa dawa papo hapo, la pili halikupewa, na la tatu liliambiwa: ngojeni siku tatu, msipopona njoni mchukue. Zaidi ya theluthi mbili ya kundi la tatu hawakuzitumia dawa hizo. Walipona. Lakini mtu huweza kungoja siku tatu ikiwa siku ya nne ana pa kwenda na nauli ya kumfikisha.

Hapa ndipo shauri la viuavijasumu linapokutana na lile la maradhi ya kudumu, ambayo watu huyatenga kana kwamba ni masomo mawili tofauti. Mimi ni mgonjwa wa presha, na kinachonitunza si kidonge tu, bali ni kwamba mtu fulani anatazamia kuniona mwezi ujao. Zahanati inayojua kumngoja mgonjwa wa presha ndiyo itakayoweza kumwambia mama mwenye mtoto wa mafua arudi Alhamisi. Isiyojua la kwanza haliwezi la pili.

Nitatoa mfano wa karibu. Mkoa wetu ni wa malaria, na tangu Anthony Allison alipochapisha utafiti wake mwaka 1954 imejulikana kwamba palipo na malaria nyingi katika Afrika Mashariki ndipo palipo na selimundu nyingi, kwa kuwa mwenye kurithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeumwa. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi uliofanyika Bugando, Mwanza, wa matone ya damu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa kanda yetu, yaliyokuwa yamekusanywa kwa ajili ya kupima VVU. Karibu 20 katika kila 100 walikuwa na chembe ya mzazi mmoja, na 12 hivi katika kila 1,000 walikuwa na ugonjwa wenyewe.

Mtoto huyo ana haja ya penisilini kweli kweli. Wengu lake huharibika mapema, na bakteria wa kichomi humwua kwa siku moja au mbili. Jaribio la Marekani la mwaka 1986, la watoto 215, lilionyesha kwamba penisilini ya kumeza asubuhi na jioni ilipunguza maambukizo hayo kwa asilimia 84. Hutolewa tangu uchanga mpaka mtoto atimize miaka mitano. Ni dawa ya zamani na ya bei ndogo.

Jirani yangu ana mjukuu mwenye selimundu, na mama wa mtoto huyo hutunza daftari la hospitali kama wengine wanavyotunza hati ya shamba. Aliniletea nilisome. Kurasa za mwanzo, tangu mtoto akiwa na miezi minne, ni neno lilelile kwa miandiko tofauti: homa, amoksilini, homa, amoksilini, mikono imevimba, amoksilini. Nilihesabu mara tisa. Hakuna aliyefungua ukurasa wa nyuma. Ukurasa wa kumi na moja, kwa mwandiko wa hospitali kubwa, ndipo lilipoandikwa jina la ugonjwa, na chini yake penisilini, kila siku, mara mbili. Kuanzia hapo linafuata neno jingine la kujirudia: dawa hakuna. Mama alikwenda madukani. Rangi mbili zilijaa rafu nzima. Alipotaja ile ya mtoto wake, muuzaji akamjibu, "Hiyo haitoki, mama." Maana yake hainunuliwi, kwa hiyo haiagizwi.

Katika Mbeya na Morogoro umefanyika utafiti mkubwa katika vituo 40, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2024. Katika nusu ya vituo hivyo matabibu walipewa kishikwambi kinachowaongoza swali kwa swali, na vipimo vichache. Huko watoto waliopewa viuavijasumu walikuwa 23 katika 100, na katika vituo vya kawaida 70. Walioachwa bila dawa hawakudhurika kuliko wenzao. Nimefurahi kuyasoma hayo, nami nawatakia heri. Najiuliza tu itakuwaje watafiti wakiisha kufunga mizigo, kishikwambi kikaharibika, na mama akawa bado anakaa mbali vilevile.

Yule tabibu wetu amebuni lake, bila kishikwambi. Alhamisi asubuhi ameitenga kwa wagonjwa wa kurudi: wa presha, wa sukari, wa kifafa, na watoto wa selimundu. Mama ambaye mtoto wake hakuandikiwa dawa huandikiwa daftarini tarehe ya kurudi na namba ya simu ya tabibu mwenyewe. Ameniambia kwamba wengi hupiga simu badala ya kuja, na wengi wa wanaopiga husema mtoto anacheza.

Mjukuu wa jirani yangu sasa ana miaka minne na miezi miwili. Daftari lake ni la tatu. Penisilini ya mwezi huu haikupatikana Bunda wala Musoma. Imeletwa kutoka Mwanza na kondakta wa basi, ndani ya bahasha yenye jina la mtoto, na imebaki miezi kumi.