Jahazi la Mita Moja

Ndugu msomaji, usicheke kusikia kwamba sisi wa Mpanda, tulio mbali na bahari, tunashindana kwa majahazi. Letu lina urefu wa mita moja, wala halina injini. Mwanangu husimama ukingoni mwa Ziwa Milala, ameshika kifaa cha redio. Huamrisha usukani na demani tu. Upepo hauamrishwi: ukimkabili, hana budi kupiga bisho kama manahodha wa Lamu.

Mkuku wa jahazi la namna hii hutiwa risasi lisipinduke. Risasi si ngeni kwetu. Reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa baada ya vita vya 1939–1945, ilikusudiwa kuichukua machimboni. Kijana akataka kuyeyusha ya betri kuukuu, tena jikoni kwa mamaye! Nikakataa katakata, kwani sumu yake hudhuru akili za watoto. Tukafunga chuma. Jahazi la jirani hutushinda mara nyingi.