Burhani Mbele ya Ubao

Mwanafunzi wa fizikia aliyelelewa katika vyuo vya kwetu, akija kusoma Göttingen, mji wa Ujerumani alimosomesha mwanahisabati Minkowski, hakuti elimu mpya. Mekanika aliyoichapisha Lagrange mwaka 1788 ni ile ile aliyoinakili daftarini Dar es Salaam, na nadharia maalumu ya uhusianifu aliyoitoa Einstein mwaka 1905 haikupungua herufi kwa kuvuka bahari. Kilicho tofauti ni namna anavyotakiwa kuithibitisha fahamu yake.

Kwetu mhadhiri huandika, nasi hunakili, kisha huja mtihani wa saa tatu, ambao aghalabu tulijiandaa nao kwa kupitia maswali ya miaka iliyotangulia. Ujerumani hutolewa karatasi ya maswali kila wiki, na baada ya majibu kusahihishwa, katika darasa dogo, mmoja huitwa ubaoni kuyaeleza.

Chukua swali la ushanga uliotungwa katika pete ya waya iliyosimama wima, nayo ikizungushwa juu ya kipenyo chake cha wima. Nyumbani lilikwisha pale mlinganyo wa mwendo ulipopatikana. Huku, mlinganyo ulipokwisha kuandikwa, ndipo mjadala ulipoanza: kwa nini pete izungukapo polepole ushanga hutulia chini, na kwa nini mzunguko ukizidi kipeuo cha pili cha mchapuko wa uvutano uliogawanywa kwa nusu kipenyo, chini hapakaliki tena, ushanga ukapanda ubavuni? Aliyekariri hatua bila ya kujua sababu hana pa kusimama.

Na mwisho wa muhula upo mtihani wa mdomo: meza, karatasi tupu, profesa na mwandishi wa kumbukumbu. Chembe iitwayo muoni, huulizwa mtu, huishi kwa wastani wa sehemu 2.2 za milioni ya sekunde, muda ambao hata nuru haipiti mita 700. Basi vipi zizaliwazo kilomita 15 juu zinatufikia ardhini? Ukijibu kwamba kwa kasi yake kubwa saa ya muoni, tuionavyo sisi, huenda polepole, huulizwa papo hapo: na muoni mwenyewe aonaje? Hapo yakupasa useme kwamba kwake saa yake ni sawasawa, bali anga ndiyo iliyofupika, hata kwa kasi ya asilimia 99.8 ya nuru kilomita 15 hizo zikawa pungufu ya 1.

Mimi niliyesoma darsa pwani kabla ya kusoma fizikia, sikuuona utaratibu huu kuwa wa kigeni, kwani msomaji kitabu mbele ya shehe husimamishwa katikati ya sentensi na kuulizwa maana yake, wala haruhusiwi kufungua ukurasa wa pili kabla ya kuujibu wa kwanza. Siwalaumu wahadhiri wetu, ambao mmoja hukabiliwa na mamia ya wanafunzi katika ukumbi mmoja. Lakini usiku, katika vikundi vyetu vya majadiliano, tulipeana chaki na kubishana juu ya milinganyo hadi adhana ya alfajiri, na ubishi ule, ambao ndio uliotufundisha hasa, haukupewa hata alama moja. Laiti vyuo vyetu vingewapa wanafunzi wa mwaka wa tatu usimamizi wa vikundi hivyo, na kuihesabu hoja ya ubaoni katika alama za muhula; gharama yake ni vyumba vilivyo tupu jioni na chaki.