Sifuri Niliyoiandika

Niliandika sifuri mahali palipotakiwa kuandikwa vidole viwili vya mtu. Nilikuwa katibu wa kamati ya usalama katika kiwanda kimoja cha mbao hapa Kisangani, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu, si mwa mkurugenzi. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu nimeisimulia habari hii kana kwamba nililazimishwa. Hakuna aliyenilazimisha.

Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka makampuni yaunde kamati ya usalama, usafi na urembeshaji wa mahali pa kazi. Kwetu kamati hiyo iliishi ndani ya faili tu, hadi mkurugenzi alipoanza kuitamani barua ya pongezi. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wanauliza maswali mengi: gogo limetoka msitu gani, nani amelikata, wanaolipasua wanatunzwa vipi. Mkurugenzi aliona kwamba karatasi moja yenye mhuri wa serikali ingewanyamazisha wote. Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa mambo hayo pale kiwandani, nikamletea mifano. Nilimweleza kwamba Marekani, tangu 1982, idara yao ya usalama kazini, OSHA, ina mpango wa hiari: kampuni inajitolea yenyewe kupimwa kwa kipimo kikali kuliko cha sheria, na ikifaulu inatambuliwa na serikali. Ngazi ya juu inaitwa Nyota, na kampuni hupeperusha bendera yake. Nikamweleza pia kwamba Watanzania wana wakala wao, nao unaitwa OSHA, na kwamba waajiri waliofanya vizuri hupewa tuzo katika maadhimisho ya 28 Aprili, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani. Basi na sisi, nikasema, tuombe kutambuliwa hapa mkoani.

Wazo hilo sijalitupa hata leo. Mkoa wa Tshopo una karibu kilomita za mraba 200,000, ndio mkubwa kuliko yote nchini, na hakuna mkaguzi atakayefika kila penye msumeno, kutoka Banalia mpaka Opala. Mwajiri akipata sababu ya kujikagua mwenyewe, wafanyakazi wanafaidika. Kosa langu lilikuwa kwenye kusoma. Kurasa za bendera nilizisoma zote. Kurasa za masharti nilizifunua haraka, kama mtu anayetafuta picha.

Masharti yale ya Wamarekani yanasema nini? Kwamba timu ya serikali inaingia kiwandani na kuzungumza na wafanyakazi faraghani, bosi akiwa mbali. Kwamba penye chama cha wafanyakazi, ombi haliendi bila chama kuliunga mkono. Kwamba hata mwenye Nyota, ingawa anaondolewa kwenye orodha ya ukaguzi wa kawaida, mtu akifa au akilalamika wakaguzi wanakuja vilevile. Na hakuna mahali panaposema ajali ziwe sifuri. Kinachotakiwa ni ziwe chini ya wastani wa viwanda vya aina hiyo, maana wanajua kwamba penye mashine na watu lazima kutakuwa na kitu cha kuandika. Sifuri tuliibuni wenyewe, mimi na mkurugenzi, kwa sababu sifuri inapendeza kwenye ubao.

Ubao tuliutundika getini, rangi nyeupe juu ya kijani: siku kadhaa bila ajali. Kila asubuhi niliongeza moja. Wafanyakazi wengi walikuwa wanavuka kwa mtumbwi kutoka Lubunga, na wakifika walikuwa wanausoma kabla ya kunisalimu. Nilidhani wanaona fahari. Kumbe walikuwa wanahesabu mchele. Tulikuwa tumeahidi kwamba mwezi ukiisha bila ajali, kila mmoja anarudi nyumbani na mchele, sukari na mafuta ya mawese. Mwaka ukiisha hivyo, kitambaa cha kushonea nguo za 1 Mei kingetoka bure, cha baba na cha mama. Kwa mshahara wa pale, mchele ule ulikuwa chakula cha siku nyingi. Ndipo mtu aliyekanyaga msumari alipoanza kuzungukwa na wenzake: ndugu, utawanyima watoto wetu mchele kwa sababu ya msumari?

Nami nilikuwa na njia zangu. Aliyeumia mguu sikumpeleka nyumbani. Nilimweka getini aandike namba za malori. Kwa kuwa alikuwa kazini, hakuna siku iliyopotea, na kwa kuwa hakuna siku iliyopotea, niliona hakuna ajali. Aliyeingiwa na vumbi machoni nilimpa matone kutoka mfukoni mwangu. Nilijiona mwema, tena nilikuwa mwema kidogo, na hapo ndipo ugumu wa kulieleza jambo hili. Ukatili ningeutambua.

Sasa nije kwenye msumeno. Ulikuwa msumeno mkubwa wa mkanda, wa zamani, wa kupasulia magogo. Mashine ya namna hiyo huwa na kontakta kwenye umeme wake: umeme ukikatika, kontakta inaachia, na umeme ukirudi mashine inabaki imelala mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuwashia. Kontakta yetu ilikuwa imeungua. Kwa kuwa mpya haikupatikana mjini, fundi umeme aliunganisha waya moja kwa moja ili kazi isisimame. Kuanzia siku hiyo, umeme ukikatika na swichi kubwa ikasahauliwa bila kuzimwa, umeme ukirudi mkanda ulikuwa unaanza kukimbia peke yake. Anayeishi Kisangani hahitaji kuelezwa mara ngapi umeme hukatika na kurudi.

Siku moja kijana aliyefanya kazi kwenye msumeno huo alikuja ofisini kwangu. Alinionyesha mkono wa koti lake, umeraruka kuanzia kifundo hadi kiwiko.

"Papa, umeme umerudi nikiwa natoa kipande cha mbao kilichokwama. Mkanda umekamata koti. Kama si Mungu, ulikuwa mkono."

Nilimwambia, "Mdogo wangu, shukuru, na uwe mwangalifu." Nikampa koti jingine kutoka ghala. Kitabu cha ajali kilikuwa mezani, baina yetu, na sikukifungua. Niliwaza hivi: hajaumia, kwa hiyo si ajali, na nikiandika, mgeni atakayekagua kitabu atauliza kwa nini mashine haina kontakta. Mambo mawili yangetosha siku ile: swichi kubwa izimwe na kufungwa kwa kufuli kila umeme unapokatika, ufunguo abaki nao anayeingiza mkono, na mashine isimame hadi kontakta ifike kutoka Kinshasa. La kwanza lingegharimu bei ya kufuli.

Watu wakiniuliza nilikosea nini, huwa wanategemea niseme sifuri. Sifuri ilikuja baadaye. Kosa lililokata vidole lilikuwa lile la koti.

Ilikuwa Jumanne, wiki chache kabla ya ziara ya watu wa ofisi iliyokuwa tayari kutuandikia barua. Sikuwapo pale kwenye msumeno. Nilisikia mkanda ukianza, kisha nikasikia watu. Kidole cha kati na cha pete cha kijana yuleyule, mkono wa kulia. Tulimfunga kwa kitambaa, tukampandisha kwenye gari la kampuni, nami nikakaa naye nyuma. Njiani nilimshika begani na kumwambia maneno ninayoyakumbuka yote. Nilimwambia kampuni italipa hospitali yote. Nilimwambia atarudi kazini, kazi nyepesi, mshahara uleule. Nilimwambia kwamba akiulizwa, aseme ni panga, nyumbani, Jumapili, na kwamba kidonda kilimzidia akiwa kazini. Alikuwa anatetemeka. Aliitikia kwa kichwa. Hospitalini mimi ndiye niliyejibu maswali ya aliyekuwa anaandika.

Kesho yake niliongeza moja kwenye ubao.

Nilichomnyima nilikijua vizuri, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu kukijua. Mwajiri analipa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazi. Ni kutoka fungu hilo mtu aliyeumia kazini anapata matibabu, posho ya siku alizolala, na fidia ya ulemavu unaobaki. Lakini yote yanategemea ajali kutangazwa. Ajali isiyotangazwa haina faili, na asiye na faili anategemea huruma ya mkurugenzi. Huruma hiyo ilidumu hadi mkurugenzi huyo alipobadilishwa. Aliyekuja hakuona sababu ya kumlipa mshahara kamili kijana tuliyekuwa tumemweka getini kwa kazi nyepesi.

Ziara yenyewe sitaielezea sana. Kuta zilipakwa chokaa, maranda yalizolewa, barakoa ziligawiwa asubuhi na nikazikusanya jioni nikazirudisha ghalani. (Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kati ya visababishi vya saratani kwa binadamu tangu 1995; lakini saratani ya pua haimpati mtu siku ya ziara, na ubao wangu haukuwa na nafasi yake.) Wageni walifungua kitabu cha ajali, wakakuta kurasa safi, wakanipongeza kwa mwandiko. Waliwauliza wafanyakazi maswali, mkurugenzi akiwa amesimama palepale nami nimesimama nyuma yake. Kila aliyeulizwa alisema tunaishi vizuri. Barua ilifika kabla ya 1 Mei. Siku yenyewe ilisomwa kwa kipaza sauti mbele ya wafanyakazi wote waliovaa kitambaa kimoja, naye kijana wa msumeno akiwa kati yao na shati la kitambaa hichohicho, kwa kuwa mwaka ulikuwa umeisha bila ajali. Jina langu lilitajwa. Nilisimama, nikapigiwa makofi, na nitasema ukweli wote: nilifurahi.

Baada ya kustaafu nilirudia zile kurasa nilizoziruka, na nyingine. Nikakuta kwamba hata kwa Wamarekani mambo hayakuwa safi. Mwaka 2009 ofisi inayolikagulia Bunge lao matumizi na kazi za serikali, GAO, iliandika kwamba maeneo yenye utambuzi ule yalikuwa yameongezeka zaidi ya maradufu kati ya 2003 na 2008, wakati usimamizi wa mpango ulikuwa dhaifu, na kwamba baadhi ya maeneo yaliyofiwa na wafanyakazi yaliachwa na sifa yao. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko, wakafa watu 11. Siku hiyo wakubwa wa BP na Transocean walikuwa mtamboni, na moja ya mambo waliyoyapongeza lilikuwa miaka saba bila ajali ya kumpotezea mtu siku ya kazi. Niliposoma habari hiyo nilifunga kitabu. Miaka saba ile ilikuwa inahesabu vidole na miguu. Gesi iliyokuwa inapanda kutoka chini ya bahari haikuwa kwenye hesabu.

Sikuchukua hapo faraja kwamba wakubwa nao hukosea. Wao walipokosea, kulikuwa na mtu wa kuwaandika. Kwetu mwandishi nilikuwa mimi.

Siku hizi vijana wa makampuni huniomba ushauri, hasa tangu Shirika la Kazi Duniani, Juni 2022, lilipoyaweka mazingira salama ya kazi kati ya haki za msingi za mfanyakazi. Wanataka nao kutambuliwa, wanataka cheti. Huwaambia waombe, lakini wapeleke kitabu kilichojaa. Koti lililoraruka liandikwe. Gogo lililoteleza bila kumgusa mtu liandikwe, na kando yake iandikwe kilichofanywa na tarehe. Mchele, kama upo, apewe aliyesema, wala usitolewe kwa ajili ya mwezi ulionyamaza. Delege wa wafanyakazi atie sahihi kila ukurasa. Wengi wananiona mzee mgumu: nani atampa cheti mtu mwenye kurasa arobaini za matatizo? Ofisi inayotoa barua za pongezi ndiyo ingepaswa kujibu swali hilo, na kama inatafuta kurasa nyeupe, basi itazipata, maana najua zinavyotengenezwa.

Yule kijana nilimkuta upande wa Lubunga, pale mitumbwi inapoegeshwa, anauza yuniti za simu. Nilianza kuomba msamaha, akanikata.

"Papa, msamaha tutauzungumza nyumbani, na mama akiwepo. Utaandika?"

Nimeandika. Nimetaja koti, kontakta, Jumanne, safari ya garini na maneno yangu, na nimeweka jina langu kamili mahali pa mtu aliyedanganya. Delege wa wafanyakazi ameipeleka karatasi hiyo kwa mkaguzi wa kazi, nami nikaitwa. Mezani palikuwa na karatasi mbili. Ya hospitali inasema panga, nyumbani, Jumapili. Ya kwangu inasema msumeno, kazini, Jumanne. Mkaguzi aliniuliza aiamini ipi, ikiwa zote mbili zimetoka kinywani mwangu. Nilimwambia amwite fundi umeme aliyeunganisha zile waya. Bado anafanya kazi palepale.