SIKU NILIPOSIMAMA KIZIMBANI

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Nami, mpenzi msomaji, nilikuwa tayari kuivuta ngoma ya mjomba wangu mpaka ipasuke.

Mjomba ni dereva wa pikapu ya tajiri mmoja hapa Magogoni. Jioni moja, nikiwa kidato cha kwanza, alinipakia tukirudi nyumbani kutoka Kongowea. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Tulipopita kichochoro fulani tulisikia kishindo, puu! Pikipiki ilikuwa imelala chini na mwendeshaji wake analia, mguu umevunjika. Mjomba hakukimbia. Alimpeleka kijana yule hospitali, kisha akaenda kupiga ripoti polisi.

Miezi ikapita. Siku moja zikaja karatasi za mahakama. Mjomba na tajiri wake walidaiwa fidia. Kijana alisema pikapu ilikuwa ikienda mbio na ndiyo iliyomgonga. Nyumbani hapakulalika. Tajiri alishasema wazi kuwa mjomba akishindwa atafute kazi kwengine, na mjomba ana watoto wanne.

Wakili aliponihoji, nilijibu bila kusita, "Mjomba alikuwa akienda polepole, na pikipiki niliiona ikija bila taa."

"Uliiona kwa macho yako?"

Nikanyamaza. Wallahi sikuiona! Nilikuwa nimeinama nikitafuta shilingi kumi iliyoniangukia chini ya kiti. Mjomba akanitazama, akasema, "Mwanangu, sema ulichokiona. Usichokiona kiwache."

Wakili alinieleza kuwa Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 107, inataka anayedai jambo ndiye alithibitishe. Katika kesi ya fidia hakimu hupima kama kwa mizani, na upande unaolemea, hata kidogo, ndio unaoshinda. Pengine wote wawili huonekana wana makosa, lawama ikagawanywa. Basi uongo wangu mmoja ukigunduliwa, ungeweza kuulemeza upande wa pili.

Siku ya kesi tulipanda matatu, tukavuka daraja la Nyali hadi mahakamani mjini. Nilipoapishwa, magoti yaligongana na jasho jembamba likanitoka. Wakili wa kijana akanikabili.

"Wewe ni mpwa wake dereva?"

"Ndiyo."

"Uliiona pikipiki kabla ya ajali?"

"La, sikuiona."

"Gari lilikuwa likienda kasi gani?"

"Sijui. Sikutazama mshale."

Nilimtupia mjomba jicho. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikasema moyoni, leo nimemzamisha.

"Basi wewe unajua nini?"

"Najua kishindo kilitoka nyuma yangu, upande wa kushoto. Hakikutoka mbele."

Wakili aliketi. Baada yangu aliitwa afisa wa polisi na mchoro wake. Pikapu ilikuwa imebonyea ubavuni, nyuma kushoto, karibu na gurudumu. Mbele haikuwa hata na mkwaruzo. Yaani gari lilikuwa karibu limekwisha kupita pale pikipiki ilipochomoka kichochoroni bila kusimama na kuyapisha magari ya barabara kuu.

Hukumu ilisomwa wiki kadhaa baadaye. Hakimu alisema shahidi anayekiri asilolijua hustahili kuaminiwa kwa lile analolijua, na maneno yangu yalilingana na mchoro. Kesi ikatupiliwa mbali. Mjomba alifunika uso kwa viganja akalia kama mtoto.

Nje mama alipiga vigelegele. Mimi sikuweza. Nilimwona yule kijana akishuka ngazi kwa gongo, mamake amemshika mkono. Alikuja kutafuta fidia, naye anarudi mikono mitupu. Mjomba alimwendea akasema, "Pole sana, ndugu yangu." Kijana akaitikia kwa kichwa tu.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tukitoka shule hupanda pikipiki watatu watatu, nazo huchomoka vichochoroni bila kusimama. Tukumbuke kuwa hata sheria ikisema nani ana haki, mguu uliovunjika haurudishwi na hukumu. Na siku ukiitwa ushahidi, usione haya kusema "sijui". Mimi neno hilo nilidhani litamwangusha mjomba, kumbe ndilo lililomwokoa.

Njia ya mwongo ni fupi.